Muulize Mama Brashi: Wapagazi nao wapakwe rangi

SWALI: Shikamoo Mama Brashi. Mimi ni kijana wa Nyangao, nafanya kazi kwenye ghala la korosho. Mimi na wenzangu, wengine wako nje ya nchi, tumeingia kwenye chalenji ya kupaka rangi vijisanamu vya vita vya zamani, vile vya milimita 28 vinavyochezewa mezani. Mtu wa miguu ana pointi 5, wa farasi pointi 10, na mwisho ni tarehe 31 Desemba. Nimechagua vita vya Mahiwa, vya Wajerumani na Waingereza mwaka 1917, kwa sababu vilipiganwa kwetu. Nina askari wa Mjerumani 30, wa KAR (jeshi la Waingereza la askari Waafrika) 20, na wapagazi 16. Mwenzangu mmoja ananiambia wapagazi niwaache, hawapigi risasi na watanilia muda. Muda kweli sina, msimu wa korosho ndio huu. Naomba pia unisaidie rangi za sare, na za ngozi. Kila nikimaliza uso unakuwa wa kijivu, kama mtu aliyepakwa majivu. *(Msomaji, Nyangao)*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na wapagazi, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Usiwaache. Mwambie mwenzako kwanza kwamba wapagazi 16 ni pointi 80, na hakuna anayetupa pointi 80 mwezi Desemba. Halafu mwambie habari za Mahiwa yenyewe. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, katika bonde hilo la Lukuledi unalolijua kuliko mimi, upande wa Waingereza ulipoteza watu zaidi ya 2,000 kati ya waliokufa na waliojeruhiwa. Upande wa Mjerumani walikuwa kama 500. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alishinda, lakini risasi zilimwishia, na ushindi wake ukageuka safari ya kurudi nyuma. Tarehe 25 Novemba alikuwa anavuka Ruvuma pale Ngomano. Sasa jiulize risasi hizo zilifikaje Mahiwa. Punda, ng'ombe na farasi walikuwa wanauawa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Unga, mahema, masanduku ya risasi, vipande vya bombomu (bunduki ya rashasha), hata majeruhi kwenye machela, vyote vilibebwa na watu wa kwetu na wa mbali, na wengi wao hawakuulizwa kama wanataka. Waingereza peke yao, kwa hesabu zao rasmi za vita nzima ya Afrika Mashariki, walikiri wapagazi takriban 95,000 waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Mimi ni Mmakonde wa Newala. Bibi yangu mzaa mama alikua bila baba, kwa kuwa baba yake alichukuliwa kubeba mizigo na hakuonekana tena. Hakuna picha yake. Ndiyo maana nikiona boksi la vijisanamu lenye wapagazi ndani, hao ndio nawatoa kwanza.

Na kwenye mchezo wana kazi. Kubalianeni kanuni hii na wenzako: kikosi kisicho na wapagazi wawili nyuma yake kinapiga risasi raundi tatu tu, kisha kinanyamaza. Utaona mchezo unavyobadilika. Mtu ataanza kuwalinda wapagazi wake, na atajua kwa nini Lettow-Vorbeck aliondoka mahali aliposhinda.

Wapake wao kabla ya askari, kwani ni wepesi. Nguo yao ni shuka la merikani, yaani pamba nyeupe isiyotiwa rangi, au kaniki. Merikani usiipake nyeupe ya dukani. Chukua nyeupe, tia kahawia kidogo na tone la njano, upate nguo iliyofuliwa mtoni mara nyingi. Kaniki ni bluu iliyokolea sana, karibu nyeusi, na kwenye mikunjo ya juu pitisha bluu iliyopauka. Mizigo ibadilishe: sanduku la mbao, gunia, sufuria, mkeka uliokunjwa. Kama una vijisanamu vya wanawake, waweke nyuma ya askari wa Mjerumani, wenye vyungu na watoto mgongoni. Wake wa askari walifuatana na jeshi lile, na bila wao askari wengi wasingekula.

Sasa ngozi. Kijivu unachokiona kinatokana na rangi nyeupe. Maelekezo mengi yanayouzwa pamoja na rangi yameandikwa kwa ajili ya nyuso za Kizungu: paka rangi ya msingi, ongeza nyeupe, paka sehemu zilizoinuka. Ukifanya hivyo kwenye kahawia, unaua joto lake. Fanya hivi. Rangi ya msingi iwe kahawia iliyokolea, uitie nyekundu kidogo na tone dogo mno la bluu. Nyeusi weka mbali. Ikikauka, chukua kahawia ileile, ongeza rangi ya machungwa au ya udongo mwekundu, upake paji la uso, mashavu, ncha ya pua na vifundo vya vidole. Mara ya tatu ongeza njano kidogo, uguse juu ya mashavu na pua tu, kwa ncha ya brashi. Basi. Uso utakuwa na damu ndani yake.

Na wote wasifanane. Jeshi la Mjerumani lilikuwa na Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na tangu mwanzo lilikuwa na Wasudani. KAR ilikuwa na Wayao wengi, na Wayao wako pande zote mbili za Ruvuma. Kwa hiyo tengeneza rangi za msingi tatu kwenye kisahani: mweusi tii, mweusi wa kawaida, na maji ya kunde. Wachanganye katika kila kikosi.

Macho nakusihi uyaache. Kwa umbali wa mezani jicho halionekani, linaonekana tundu lenye kivuli, na kivuli hicho unakipata kwa kupitisha maji ya kahawia iliyokolea usoni kabla ya rangi ya pili. Ukiweka doa jeupe kwenye uso mweusi, unapata mtu aliyetumbua macho kwa hofu, na midomo ukiipaka nyekundu unapata kibonzo kile cha zamani cha kutudhihaki. Nimeviona vijisanamu vya namna hiyo, vimepakwa na watu wenye mikono mizuri sana, na vinaniuma. Watu waliokufa Mahiwa walikuwa na nyuso za binadamu.

Sare: askari wa Mjerumani ni kaki, na kofia yake ni tarbushi iliyovikwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kufunika shingo, na mbele kuna ndege tai mdogo wa chuma. Ila kumbuka huu ni mwaka 1917. Meli hazikuwa zinaingia, na nguo mpya zilifumwa humu humu nchini na kutiwa rangi za miti. Kaki yako iwe za aina tatu au nne: ya njano, ya kahawia, iliyopauka kabisa, na wengine uwashonee viraka vya rangi nyingine magotini. KAR nao walivaa kaki na kaptura, ambayo unaweza kuifanya ya kijani kidogo ili pande mbili zisichanganyike mezani.

Jambo moja zuri la kuonyesha: baadhi ya askari wa Mjerumani walikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zinazotumia baruti nyeusi na kutoa moshi mwingi. Nyofoa pamba kidogo, ipitishe kwenye kijivu, uigundishe kwenye mdomo wa bunduki mbili tatu. Risasi zisizo na moshi nyingi ziliishia palepale Mahiwa, hivyo moshi huo ni historia yenyewe.

Kwa muda ulio nao, panga vijisanamu vinane vinane. Rangi moja kwa wote wanane, kisha inayofuata. Ukirudi usiku kutoka ghalani una nusu saa, paka kaptura zote tu, ulale. Rangi yako ya maji ifike hivi: paka tone kwenye gazeti, herufi zikionekana kwa mbali chini yake, iko tayari. Zikipotea kabisa, ongeza maji.

La mwisho, vanishi. Desemba kwetu huku mvua zimeanza, na vanishi ya kopo la kupuliza ikikutana na hewa yenye unyevu inaganda nyeupe kama ukungu juu ya kazi yako yote. Tumia ya kupaka kwa brashi, isiyong'aa. Praima ya kupuliza, yaani rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, ile ya kijivu wanayotumia mafundi wa magari, ipulize sasa kwenye siku kavu, kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, kivulini, mbali na upepo. Kabla ya hapo osha vijisanamu kwa sabuni ya unga na mswaki wa zamani, vina mafuta ya kiwandani.

Udongo wa kuweka chini ya miguu yao usinunue. Toka nje ya nyumba yenu, uchekeche kwa chujio la chai, uumwage juu ya gundi nyeupe ya mbao. Ni udongo wa bonde lenyewe.

SWALI: Mama, rangi ya mafuta inayouzwa dukani kwa mafundi ujenzi inafaa? Ni rahisi kupata hapa Mtwara. *(Msomaji, Chuno)*

JIBU: Kwa mabango yangu naitumia kila siku. Kwa uso wenye ukubwa wa punje ya mbaazi ni nzito, inang'aa na inafukia pua. Nunua akriliki, zile rangi za maji, za wanafunzi kwenye duka la vifaa vya shule. Na usipake akriliki juu ya rangi ya mafuta, itabanduka.

SWALI: Nataka kufanya Maji Maji ya 1905 kwenye chalenji yangu ijayo. Naweza kutumia askari walewale wa 1917? *(Msomaji, Kilwa Masoko)*

JIBU: Unaweza, kaka. Tarbushi ni ileile, kaki ni ileile, na bunduki ya mwaka 1871 ndiyo waliyokuwa nayo. Tofauti ni kwamba sare iwe mpya na ya rangi moja, viraka usiweke. Bombomu usiisahau, maana ndiyo iliyoua watu wengi pale Mahenge tarehe 30 Agosti. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya dawa, usimweke kwenye meza ya Mahenge, kwa sababu Wajerumani walikuwa wamekwisha kumnyonga tarehe 4 mwezi huohuo. Kama unataka awepo, tengeneza Ngarambe, kijiji chake, na watu waliokuja kuchukua maji wapake wengi kadiri utakavyoweza, wazee kwa wanawake, kila mmoja na nguo yake.