Protini ya ukuaji ikigoma kufanya kazi: maswali na majibu

Nimefungua kichupa cha FGF-2 (protini inayochochea seli kukua) cha mikrogramu 50, ndani sioni kitu. Nimeuziwa hewa?

Protini imo, ila mikrogramu 50 zilizokaushwa kwa kugandishwa hubaki utando ambao jicho haliuoni. Unga mweupe unaoonekana kwenye vichupa vingine mara nyingi ni chumvi au sukari ya kujazia. Hatari ni kufungua kabla ya kuzungusha: utando hunasa kwenye kifuniko, nawe unautupa. Kama kifuniko bado unacho, kirudishe, zungusha kichupa kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) kwa sekunde 30, kisha teremsha pole pole ukutani mikrolita 500 za maji yasiyo na vijidudu. Hapo una mikrogramu 100 kwa mililita. Kiache dakika 15, ukikiinamisha mara moja moja. Usikitikise hadi kitoe povu, maana maji yanapokutana na hewa ndipo protini hukunjuka na kuharibika.

Maji matupu hayafai kila protini. TGF-β1, protini nyingine ya ukuaji, kwa kawaida huyeyushwa kwa asidi hidrokloriki ya milimola 4 kwa lita, yenye albumini (protini ya kwenye damu) ndani yake. Vinginevyo sehemu kubwa inanata kwenye ukuta wa kichupa. Karatasi inayokuja na bidhaa isomwe kabla ya kushika pipeti (kifaa cha kupimia ujazo mdogo).

Nataka nanogramu 20 kwa mililita, katika mililita 50 za midia (majimaji ya kulishia seli). Nitoe kiasi gani?

20 mara 50 ni nanogramu 1,000, yaani mikrogramu 1. Kwa akiba uliyoyeyusha, ya mikrogramu 100 kwa mililita, hiyo ni mikrolita 10. Ukijikuta unapima nusu mikrolita, punguza kwanza ukali wa akiba kwa midia yenye albumini. Pipeti hudanganya sana kwenye ujazo mdogo hivyo.

Mara ya kwanza ilifanya kazi vizuri. Nilipoiyeyusha mara ya tatu, seli hazikuitikia kabisa. Friza yangu ni ya nyuzi -20.

Hapa ndipo protini nyingi hupotelea, na watu huishia kulaumu seli. Kila kuganda na kuyeyuka kunaharibu sehemu yake. Gawanya akiba siku ile ile ya kwanza katika mafungu ya mikrolita 10 hadi 20, fungu moja kwa jaribio moja, na kinachobaki usikigandishe tena. Tazama pia aina ya friza: zile zinazojiyeyushia barafu zenyewe hupanda joto mara kwa mara, kwa hiyo fungu ambalo hujaligusa linaweza kuwa limeshapitia misukosuko mingi. Nyuzi -80 ni salama zaidi.

Bafa (myeyusho wa kudhibiti pH, yaani kiwango cha asidi) nayo ina mtego. Fosfati ya sodiamu inapoganda, moja ya chumvi zake hutangulia kujitenga kama fuwele na pH hushuka sana, hivyo protini inalala kwenye asidi bila wewe kujua.

Halafu kuna ukuta. Kadiri myeyusho ulivyo hafifu, ndivyo sehemu inayonata kwenye plastiki inavyokuwa kubwa. Albumini ya ng'ombe ya asilimia 0.1 huziba nafasi hizo kabla protini yako haijazifikia. Tumia vijichupa vya polipropilini, si vya polistireni wala kioo. Kichujio cha mikromita 0.22 nacho hunyonya: chuja midia kwanza, protini iongezwe baadaye. Ila kama jaribio lako halivumilii albumini, tengeneza akiba kali zaidi na uitumie upesi.

Seli shina zangu zinapendeza siku ya kwanza, kesho yake zinaanza kubadilika. Niongeze dozi ya FGF-2?

Dozi haitakusaidia sana. FGF-2 ya kawaida haivumilii nyuzi 37. Ndani ya saa 24 nguvu yake nyingi imekwisha. Badilisha midia kila siku, au tumia aina iliyorekebishwa kustahimili joto. Heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) huishikilia na kuilinda, lakini hushika protini nyingine pia, kwa hiyo ijaribu kwanza pembeni. Na tafadhali usipashe chupa nzima ya midia kila unapotaka mililita 10.

Nimezipa seli A431 (seli za saratani) EGF, protini nyingine ya ukuaji, ya nanogramu 10 kwa mililita ili zikue, zikapunguza kasi. Imeharibika?

Huenda ni nzima kabisa. A431 zina vipokezi vya EGF (protini za seli zinazopokea ishara yake) kupita kiasi, na dozi kama hiyo, takribani nanomola 1.6 kwa lita, huzizuia kukua. Kwa kupima ukuaji chukua seli za panya BALB/3T3, uzinyime kwanza seramu (majimaji ya damu yanayozilisha). Ukitaka kuona vipokezi vikipachikwa fosfati, ishara kwamba vimeamshwa, A431 zinafaa sana: dakika 5 hadi 10 zinatosha.

Masalio naweza kupaka kwenye kidonda?

Hapana. Maneno "kwa utafiti tu" kwenye lebo yana maana kwamba haikutengenezwa wala kupimwa kama dawa. Hata endotoksini (sumu ya bakteria) iliyopimwa ilipimwa kwa ajili ya seli za kwenye sahani, si kwa ajili ya mwili wako.