Muulize Mwalimu: Rangi ya skrini hujazwa tena?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu. Naletewa simu nyingi za OLED (skrini ambayo kila kitone chake hutoa mwanga wake chenyewe) ambazo alama za kibodi zimeganda kwenye kioo. Ukifungua picha nyeupe unaziona kwa mbali. Kijana ninayefanya naye kazi ameambiwa kwamba ndani ya vioo hivyo mna rangi, na ikichoka hutiwa nyingine. Ni kweli? Na kama rangi ndiyo inayowaka, mbona wasiijaze tele kioo king'ae zaidi?

JIBU: Fundi, kijana wako ameambiwa nusu. Rangi imo. Kutiwa nyingine, hapana.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo tamu. Bila shaka unayo ile taa ya zambarau ya kukaushia gundi ya kioo. Tafuta kalamu ya manjano ya kupakia maneno vitabuni, ile inayong'aa, ukamue tone moja la wino wake kwenye glasi ya maji na jingine kwenye kifuniko cha soda. Zima taa ya kibanda, washa ya zambarau (usiikodolee macho). Yale maji yatawaka kuushinda wino mtupu. Kwa sehemu ni kwa sababu mwanga haupenyi wino mzito, unaishia juu juu. Lakini lipo jambo jingine, na hilo ndilo linalowashughulisha watengenezaji wa skrini: molekuli za rangi zikibanana, iliyopokea nishati haiitoi kama mwanga, bali huipasia jirani yake, naye jirani huipasia nyingine, hadi ikapotea kama joto.

Mwaka 1987 Ching Tang na Steven VanSlyke wa kampuni ya Kodak, Marekani, walitangaza diodi (kifaa cha umeme, mzazi wa OLED za leo) ya tabaka jembamba la kampaundi ya alumini, lililotoa mwanga wa kijani kwa umeme usiofika volti 10. Mwaka 1989, wakiwa na mwenzao Chen, wakatia rangi kidogo ndani ya kampaundi hiyo, mojawapo ikiwa kumarini. Kidogo kweli: kama molekuli moja kwa mia. Ufanisi ukapanda takriban maradufu, na kwa kubadilisha rangi wakapata mwanga wa kuanzia bluu-kijani hadi machungwa mekundu. Kampaundi hubeba umeme, kisha huikabidhi rangi nishati. Rangi nayo, ikiwa haina mwenzake karibu, huitoa kama mwanga. Mimi hapo huwavulia kofia. Kila kimoja kilipewa kazi kinayoiweza.

Sasa hizo alama zako. Mwanga wa bluu hubeba nishati nyingi kuliko mwekundu au wa kijani, na nishati hiyo hatimaye huvunja molekuli zenyewe. Ndiyo maana katika simu nyingi vitone vya bluu hufanywa vikubwa kuliko vingine, visilazimike kuwashwa kwa nguvu sana. Mahali palipokaa kibodi nyeupe kila siku, bluu imefanya kazi kuliko kwingineko, ikachakaa mapema.

Kuijaza tena? Tabaka zote zinazotoa mwanga, ukizipanga pamoja, hazifiki nusu ya elfu moja ya milimita. Huwekwa kwa mvuke ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, kisha hufungwa kabisa, kwa kuwa oksijeni na unyevu huziua. Ukifungua hapo Kondele, na unyevu wa ziwa ule, utamaliza hata palipokuwa pazima. Zile programu za kuwashawasha rangi usiku kucha nazo hazirudishi molekuli hata moja. Zikionekana kusaidia, ni kwa kuwa zimechakaza sehemu nyingine mpaka zikalingana na ile mbovu. Sioni sababu ya mteja kuzilipia.

Mwambie mteja ni kioo kipya, au aizoee alama. Na kabla hujalipia hicho kioo kipya, kijaribu gizani kwa picha nyeusi tupu: OLED itazimika kabisa usione kitu. Kikitoa ukungu wa kijivu, umeuziwa LCD, skrini inayomulikwa na taa ya nyuma.