Habari hupanda gari la msafara

Mmeuliza wiki hii: magazeti huamuaje kipi kichapishwe na nani aandikwe? Najibu kutoka Kigoma, ambako niliwahi kuliandikia gazeti moja la Dar es Salaam kwa malipo ya stori iliyotoka. Isiyotoka hulipwi, hata kama umekopa nauli kuifuata.

Wengi hudhani kuna mtu amekaa mezani Dar ambaye hatupendi sisi wa mikoani. Mimi sikumwona. Nilichokiona ni hesabu ya nauli. Mwandishi wa mkoani akitaka kwenda Kalya, huko kusini mwa wilaya ya Uvinza, boti anajilipia mwenyewe. Akirudi na stori yake nzuri, jioni linaingia tangazo la nusu ukurasa na stori inapigwa chini. Tangazo halipigwi chini, maana ndilo linalolipa mishahara. Lakini kiongozi akifanya ziara, kiti kipo kwenye gari la msafara, chakula kipo, na mara nyingi kuna bahasha ya "posho". Tena stori yenyewe inabeba jina linalojulikana, kwa hiyo mhariri haulizi huyu ni nani. Ndivyo mheshimiwa anavyoandikwa akizindua choo cha shule, huku mwalimu aliyefundisha hapo miaka yote bila choo hapati hata mstari.

Bahasha siitetei. Ila anayeilaani aseme pia nani alipe boti.

Hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Norway, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, waliandika kuhusu jinsi magazeti manne ya kwao yalivyoripoti migogoro ya Kuba, Saiprasi na Kongo, Kongo hii hii ambayo milima yake tunaiona ng'ambo ya ziwa hewa ikiwa safi. Walisema tukio hugeuka habari kwa urahisi likigusa mataifa makubwa, watu wakubwa, au likiwa baya. Sisi ukubwa hatuna, tumebaki na ubaya: boti imezama, kipindupindu kimeingia, wakimbizi wamefika. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ipo tangu 1996. Humo watu wanaoana, wanafungua vibanda, wanasomesha watoto. Gazetini huwaoni mpaka waingie wapya au wazungumziwe kurudishwa kwao.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Habari nilizosoma zilikuwa za matamko: fulani amesema, fulani ameagiza, fulani ameonya. Na hao wanawake wanaoanika dagaa Kibirizi na Katonga, hapa hapa mjini Kigoma, miezi mitatu hiyo walikula nini? Hapo hapakuhitajika boti wala msafara. Bodaboda kutoka Mwanga, mtaa wa mji huu huu, ingetosha. Ndiyo maana nasema nauli haielezi kila kitu. Kuna uvivu pia, na kuna mazoea ya kuamini kwamba habari ni kauli ya mwenye cheo. Mama wa dagaa hana ofisa habari wa kumtumia mwandishi taarifa iliyokwisha andikwa tayari kubandikwa.

Mhariri anayesoma haya na anijaribu: atenge nauli ya boti ya kwenda Kalya mara mbili kwa mwaka, alipe stori hata isipotoka, na amkataze mwandishi wake kuanza na neno la kiongozi yeyote.