Maswali na Majibu: Barua Pepe za Enzi ya Simu ya Mezani

Toleo lililopita niligusia jinsi barua pepe zilivyokuwa zikipita kwenye waya wa simu ya nyumbani, na maswali yakamiminika. Nimechagua saba. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo mwalimu. Baba husema zamani aliandika barua pepe bila intaneti, kisha akaunganisha kwa dakika moja tu na kukata. Naona kama kumbukumbu zinamchanganya. Inawezekanaje? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Baba yako anakumbuka vizuri kabisa.

Fikiria sanduku la posta. Wengi wetu hatukuwahi kuletewa barua mlangoni. Barua zilikaa kwenye S.L.P. mpaka mtu aende na ufunguo. Barua pepe ya nyumbani ilikuwa hivyo hivyo: barua zilisubiri kwenye seva, yaani kompyuta kuu, ya kampuni au chuo, na kompyuta yako ilikwenda kuzichukua mara moja moja. Utaratibu wa kuzichukua unaitwa POP, na herufi mbili za mwanzo zinasimama kwa posta kweli. Toleo la kwanza liliandikwa 1984. POP3, ambayo bado inatumika, ilifuata 1988.

Sasa tuje kwenye pesa. Simu ilihesabiwa dakika. Marekani simu ya mtaani mara nyingi haikuhesabiwa, lakini huduma za mtandao kama CompuServe zilitoza kwa saa. Ulaya na huku kwetu hata simu ya ndani ya mji ilikuwa na mita. Piga hesabu: modemu (kifaa kilichounganisha kompyuta na waya wa simu) ya biti 2,400 kwa sekunde ilipitisha herufi kama 240 kila sekunde. Barua ya herufi 2,000, yaani ukurasa uliojaa, ilihitaji sekunde 8 au 9 kupita. Lakini kuiandika barua hiyo humchukua mtu wa kawaida dakika 10 au zaidi. Ukiiandika huku simu iko hewani, umelipia dakika 10 za kufikiri. Ukiiandika kwanza, umelipia sekunde 9.

Ndiyo maana programu nzuri za wakati ule zilikuwa na foleni ya barua. Unaandika tano, sita, kumi, kwa utulivu wako, usiku kama unapenda. Ukiwa tayari, unabonyeza mara moja: modemu inapiga, inatuma zote, inachukua zilizokuja, inakata. Kisha unasoma ukiwa umekunja miguu, simu ya nyumbani iko huru na mama anaongea na dada yake. Mimi hili linanigusa mpaka leo. Waliozitengeneza programu zile walikuwa wameuwaza mfuko wa mtumiaji kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Kelele za modemu zilikuwa za nini, na kwa nini zilikoma ghafla? (Msomaji, Mombasa)

Yalikuwa mazungumzo ya mashine mbili. Waya wa simu ulitengenezwa kupitisha sauti ya binadamu, kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 hadi 3,400 hivi, kwa hiyo data ililazimika kugeuzwa sauti. Ukisikiliza kwa makini unaweza kufuata hatua zake: mlio wa laini, tarakimu zikibonyezwa, kisha mlio mrefu wa hezi 2,100 kutoka upande wa pili. Huo wa 2,100 uliiambia mitambo ya simu izime vidhibiti vyake vya mwangwi, maana vingezisumbua modemu zinaposema zote kwa pamoja. Baadaye ule mvumo kama mvua juu ya bati: hapo walikuwa wanaipima laini, inakwaruza kiasi gani, inaweza kubeba kasi gani. Wakishakubaliana, modemu inaizima spika yake. Spika iliwekwa ili ujue kama namba inatumika, au kama kuna mtu kapokea anasema "haloo, haloo".

Kasi zilipanda polepole. Hayes Smartmodem ya 1981 ilikuwa ya biti 300 kwa sekunde. Mwaka 1994 tulikuwa na kiwango cha 28,800, na 1998 kikaja cha 56,000, ambacho kwa modemu za aina hii ndicho kilikuwa kikomo. Picha moja ya simu yako ya leo, tuseme ya megabaiti 3, ingechukua karibu saa tatu na nusu kwenye modemu ya 2,400. Na mtu akiinua simu ya chumbani katikati, kwaheri.

Eudora ni jina la mtu? (Msomaji, Arusha)

Ndiyo. Programu hii ya barua pepe ilipewa jina la mwandishi wa Mississippi, Marekani, Eudora Welty. Iliandikwa na Steve Dorner akiwa Chuo Kikuu cha Illinois, na ilitoka 1988 kwa kompyuta za Macintosh. Dorner alikuwa amezama kwenye kazi za barua kiasi cha kujiona kama anaishi posta, akakumbuka hadithi fupi ya Welty kuhusu mwanamke aliyegombana na familia yake akahamia kuishi posta. Jina likatoka hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Qualcomm ikaichukua, ikapata toleo la Windows, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo programu ya barua kwa watu wa vyuo na mashirika. Toleo lake jepesi lilitolewa bure.

Mwenzake ilikuwa programu ya Pegasus Mail, ya David Harris wa Dunedin, New Zealand, kuanzia 1990. Harris aliigawa bure na kuuza vitabu vya maelekezo. Mtu mmoja, upande wa pili wa dunia, na programu yake ikawa kwenye maelfu ya ofisi. Wa tatu wa kushukuriwa ni Peter Tattam wa Tasmania. Windows 3.1 haikujua intaneti ni kitu gani, na programu yake ya Trumpet Winsock ndiyo iliyoifundisha kuzungumza kupitia modemu. Wengi waliitumia bila kumlipa.

Bosi wangu wa zamani pale Kampala alikuwa akisema "Fido imeshuka?" kila asubuhi. Fido ni nini? (Msomaji, Entebbe)

Swali hili nililisubiri, kwa sababu hapa ndipo historia hii inapogusa nyumbani kwetu.

FidoNet ilianzishwa 1984 na Tom Jennings, kijana wa San Francisco. Wazo lake: kompyuta za watu binafsi zipigiane simu zenyewe usiku wa manane, wakati simu za mbali ni rahisi, zibadilishane mafurushi ya barua, zikate. Barua ya kwenda mji wa tatu ilibebwa hatua kwa hatua, kama mzigo unaoshushwa Morogoro, ukalala, ukapandishwa basi lingine la Iringa. Hakukuwa na mwenye mtandao. Walikuwa watu wa kujitolea wanaolipa bili zao.

Sasa angalia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990. Laini zilikuwa chache, zinakwaruza, zinakatika, na simu ya kimataifa ilikuwa ghali mno. Intaneti kamili ilihitaji laini iliyo wazi muda wote. Fido haikuhitaji. Iliridhika na laini inayopatikana dakika tano usiku. Njia za kuhamisha mafaili kama ZMODEM, iliyoandikwa na Chuck Forsberg 1986, ziliweza kuendelea pale zilipokatikia badala ya kuanza upya, na kwa laini zetu hilo lilikuwa suala la uhai. Kwa hiyo vituo vya Fido vikaota Nairobi, kwenye Chuo Kikuu cha Makerere, Addis Ababa na kwingineko, na shirika la GreenNet la London likawa lango lao kwenda intaneti. Kwenye ramani ya Fido, Afrika ilikuwa kanda namba 5. Ukiona anwani ya zamani inaishia na z5.fidonet.org, ujue barua hiyo ilipita huku.

Kwa hiyo bosi wako alipouliza kama Fido imeshuka, alitaka kujua kama furushi la usiku limefika. Barua ya Ulaya ilichukua siku moja au mbili. Kwa aliyezoea kusubiri wiki tatu, hiyo ilikuwa kasi ya ajabu.

Na madaktari walikuwa na njia nyingine ya kustaajabisha zaidi. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa na Bernard Lown, daktari wa moyo wa Marekani, lilitumia setilaiti ndogo iliyojengwa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, na kurushwa Januari 1990. Haikusimama mahali pamoja angani. Ilizunguka chini chini, ikapita juu ya kituo mara chache kwa siku, kwa dakika kadhaa tu kila mara. Ikipita, kituo kinairushia barua zake na kupokea zilizobebwa, nayo inaendelea na safari. Vituo vya mtandao huo, HealthNet, vilikuwepo Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia miongoni mwa nchi nyingine, na kupitia kwao madaktari walipokea muhtasari wa majarida ya tiba ambayo maktaba zao hazikuweza kuyanunua. Tunaposimulia jinsi intaneti ilivyofika Afrika, tunaanza na nyaya za baharini. Naona ni kuwadhulumu watu waliokesha wakisubiri setilaiti ipite.

Kwa nini picha zilikuwa zinafika kama kurasa za herufi ovyo? (Msomaji, Bujumbura)

Kwa sababu njia ya barua pepe ilijengwa kubeba herufi 128 tu za Kiingereza na alama zake. Picha ilibidi ivalishwe nguo za herufi ipite: kila baiti tatu zikawa herufi nne, na faili likanenepa kwa theluthi. Njia ya zamani iliitwa uuencode. Kama programu ya mpokeaji haikujua kuivua nguo, aliona ukurasa baada ya ukurasa wa takataka. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni za MIME, na kuanzia hapo programu zikaweza kuelewana kuhusu viambatisho. Bado ukifungua barua mbichi leo ukaona mistari inayoanza na /9j/, hiyo ni picha ya JPEG imevaa nguo zake.

Wewe wa Bujumbura utakuwa umeyaona pia maneno ya Kifaransa yenye =E9 katikati. Hiyo ni é iliyokosa tafsiri. Kiswahili hakikupata taabu hiyo. Herufi zetu zote zimo ndani ya zile 128, hata alama ya juu ya ng'ombe.

Kuna aliyekuwa anatoa huduma hii bure? (Msomaji, Dodoma)

Marekani, ndiyo. Juno ilianza 1996: programu bure, namba ya simu bure, malipo yakitoka kwa matangazo, ambayo yalishushwa pamoja na barua na kukuonyesha hata ukiwa umeshakata simu. Mwaka huo huo, tarehe 4 Julai, Hotmail ikaanza, barua pepe ya kwenye kivinjari. Kwetu Hotmail na Yahoo ndizo zilizoshinda, na sababu iko wazi: hazikukutaka uwe na kompyuta. Ulihitaji nusu saa tu pale intaneti kafe.

Mama yetu alifariki mwaka jana. Tumekuta diski zake ndogo zimeandikwa "Eudora" kwa kalamu. Tunaweza kuzisoma barua zake? (Msomaji, Zanzibar)

Poleni sana, dada. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kuna matumaini, lakini msiharakishe.

Kwanza zikagueni kwa mwanga. Telezesheni kile kibati cha chuma muone utando ndani. Mkiona madoa meupe au ya kijivu, huo ni ukungu, na hewa yenu ya bahari huupenda. Diski yenye ukungu msiiingize kwenye mashine, itachafua vichwa vya kusomea na kuharibu diski inayofuata. Ipelekeni kwa anayejua kuisafisha. Diski yangu mwenyewe niliiharibu kwa kutokujua hilo, na barua za miaka miwili zilikwenda.

Zilizo safi, sogezeni kile kitufe kidogo cha plastiki kwenye kona mpaka tundu lionekane wazi. Hapo kompyuta inaweza kusoma lakini haiwezi kuandika. Nunueni kisomeo cha diski cha USB. Diski za megabaiti 1.44 kitazisoma. Kama ni za Macintosh za kilobaiti 800, kisomeo cha USB hakitaziweza, mtahitaji Macintosh ya zamani yenyewe.

Nakilini kila kitu kabla ya kufungua chochote. Kisha tafuteni mafaili yanayoishia na .mbx. Eudora ya Windows ilihifadhi barua kama maandishi ya kawaida, kwa hiyo hata Notepad itayafungua. Kila barua inaanza na mstari wa "From ???@???". Mafaili ya .toc ni faharasa tu. Mkitaka kuzisoma kwa mpangilio, programu ya barua iitwayo Thunderbird huhifadhi barua kwa muundo wa jamii hiyo hiyo: wekeni nakala ya faili kwenye folda yake ya ndani ya kompyuta, mkiondoa .mbx kwenye jina. Viambatisho havitakuwa ndani ya barua. Eudora iliving'oa na kuviweka kwenye folda iitwayo Attach, ikaacha mstari wa kusema vilikwenda wapi. Itafuteni folda hiyo kwenye diski zote.

Wengi hufungua In.mbx, wakasoma barua alizoandikiwa mwenyewe, wakaishia hapo. Fungueni na Out.mbx. Humo ndimo alimoandika yeye.