Paka wa sokoni ana virusi, nimrudishe?

SWALI: Shikamoo Daktari. Paka dume niliyemwokota soko la samaki amepimwa, akakutwa na virusi vya FIV. Majirani wanasema ni UKIMWI, atawaambukiza wanangu. Nimrudishe alikotoka?
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimrudishe, nakusihi. Virusi hivyo, vilivyogunduliwa California mwaka 1986, ni vya jamii ya paka. Binadamu havimpati kabisa. Paka kwa paka huambukizana hasa kwa kung'atana wakigombana, madume zaidi. Kwa hiyo mhasi, kisha umzoeze kukaa ndani. Chanjo ya kichaa cha mbwa asikose: huo ndio wa kuwahofia watoto.

Dagaa na nyama umpikie, maana kinga yake ni dhaifu na vibichi vina vijidudu. Kila wiki mfunue mdomo. Fizi zikiwa nyekundu, au akisusa chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Akiwa mzima, mara mbili kwa mwaka.

Wangu ana virusi hivyohivyo, na jicho moja. Huu mwaka wa saba analala miguuni pangu.