Tumbo limekatwa, mkono bado unapakua vilevile

Dada, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: mbona vijiko vinne vya chakula vinakukaba wakati wenzako mliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito mwezi uleule wanamaliza sahani ndogo, mbona bado unatapika mara mbili tatu kwa wiki na miezi miwili imeshapita, na je, ndivyo utakavyokula maisha yako yote. Mimi nilifanyiwa baipasi ya tumbo miaka minne iliyopita, yaani tumbo liligawanywa kikabaki kifuko kidogo kilichounganishwa na utumbo; wewe umefanyiwa slivu, yaani tumbo limekatwa likabaki mrija mwembamba. Si upasuaji mmoja, ila tukifika mezani shida zetu zinafanana sana.

Nianze na kutapika maana hilo halingoji. Kutapika siku moja moja kwa sababu umekula haraka kunatupata karibu wote. Lakini mara mbili tatu kila wiki, na inaendelea, hilo mpelekee daktari aliyekupasua, wiki hii. Huenda mrija wa tumbo umebana mahali, na kuna namna ya kuutazama na kuupanua. Halafu kuna jambo ambalo wengi hatuambiwi mpaka tuchelewe: akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki chache tu. Mtu anayekula kidogo na hicho kidogo akakitapika, akiba inakwisha, na mishipa ya fahamu ndiyo inayoumia. Ukiona miguu inakufa ganzi, unayumba ukitembea, unaona vitu viwili viwili au mawazo yanachanganyika, usiandike humu kutuuliza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile kama hata maji hayakai.

Sasa tuseme daktari amekutazama na hakuna kilichobana. Basi yaliyobaki ni ya kijiko, na hayo nayajua vizuri mno.

Nilikuwa wiki ya saba, nimeshatoka kwenye vya kusagwa, nimeruhusiwa vyakula laini. Kwenye friji kulikuwa na kidari cha kuku cha jana. Nikakipasha moto, kikakauka zaidi ya kilivyokuwa. Simu ikaita, nikawa naongea huku natafuna. Tonge la kwanza sawa, la pili sawa. La tatu likafika katikati ya kifua likakaa. Sijui nikuelezeje, ni kama mtu ameweka jiwe nyuma ya mfupa wa kifua akaliegemea. Mdomo ukaanza kujaa mate mazito yenye povu kama la sabuni, natema yanajaa tena. Nilisimama kwenye sinki dakika ishirini hivi, nikisikia sauti kwenye simu ikiita "haloo, haloo". Kilipotoka hatimaye, kilikuwa kipande kizima kama nilivyokimeza. Kilikuwa na alama za meno mara mbili tu. Mara mbili! Na mimi ningeapa kwamba nilikuwa natafuna.

Tangu siku hiyo nyama kwangu ni lazima iwe na mchuzi, naikata vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, na naitafuna mpaka iwe uji. Walioniuguza waliniambia mara 20 hadi 30. Sikuhesabu zaidi ya siku mbili, nikaona nitarukwa na akili. Kilichonisaidia ni kuweka kijiko chini. Tonge likiingia mdomoni, kijiko kinalala mezani, na mkono haukigusi mpaka koo liwe tupu. Utashangaa jinsi mkono unavyorudi wenyewe kukichukua. Miaka yote mdomo ukiwa kazini, mkono ulikuwa unaandaa tonge linalofuata, na hakuna daktari aliyeukata mkono.

Kuhusu kiasi, vijiko vinne kwa miezi miwili si ajabu. Kwenye slivu huondolewa karibu asilimia 80 ya tumbo, na sehemu inayoondolewa ndiyo ile iliyokuwa inatanuka kupokea chakula. Kilichobaki ni mrija mwembamba, mgumu kidogo, na bado una uvimbe wa kupona. Kifuko changu cha baipasi mwanzoni kilikuwa cha mililita 30 hivi, hata glasi ndogo ya dawa ya kikohozi ingekijaza. Ukijaza chombo cha namna hiyo kwa mkono uliozoea chombo kingine, kitamwagika.

Na hao wenzako wa sahani nzima, umewauliza wanakula nini? Nakuuliza kwa sababu niliwahi kuwa mmoja wao. Kuna vyakula vinavyokaa tumboni, kama kuku, samaki, mayai na maharage, na kuna vinavyoteleza. Biskuti ukiitafuna inageuka maji. Viazi vya kukaanga vile vyembamba, aiskrimu, chokoleti, vyote vinapita kama havikuingia, na unaweza kula pakiti nzima bila kuhisi chochote. Mwaka wangu wa pili nilikuwa naweka biskuti za chumvi pembeni ya kompyuta, natafuna moja moja, najisifu kwamba tumbo langu limepona vizuri, halikatai kitu. Nilirudisha kilo sita kabla sijaamka. Kwa hiyo mimi mtu akiniambia samaki kidogo tu amemjaza, namwona yuko kwenye njia nzuri kuliko anayejisifia sahani. Vijiko vyako vinne, kama ni vya chakula kinachokaa, usivionee aibu.

Ila viwe na protini kwanza. Niliambiwa nisishuke chini ya gramu 60 kwa siku, na yai moja lina sita hivi. Piga hesabu uone: mayai kumi, na wewe moja linakushinda. Ndiyo maana tunaanza na samaki au kuku, mboga zinafuata, wanga inapata nafasi iliyobaki, na mara nyingi haibaki. Miezi ya mwanzo sikuweza kufika bila maziwa mtindi mazito na unga wa protini. Sikuupenda, unaacha ladha ya chaki, lakini niliunywa.

Maji usinywe na chakula. Hili nililichukia kuliko yote, mimi nilikuwa mtu wa glasi mbili mezani. Lakini nafasi yenyewe ni ndogo, na maji yanakisukuma chakula kabla ya wakati wake, kwa hiyo ama unabanwa ama unasikia njaa mapema. Baada ya kula subiri nusu saa. Halafu siku nzima unywe kidogo kidogo hadi lita moja na nusu au zaidi. Chupa iwe mkononi kama simu. Wengi wanaorudishwa wodini wiki za mwanzo wanarudishwa kwa kukaukiwa maji, si kwa kidonda.

Umesema hujui wakati umeshiba. Hata mimi sikujua, kwa sababu nilikuwa naitafuta shibe mahali pa zamani, tumboni, ule uzito wa kufungua mkanda. Shibe mpya inakaa juu, karibu na kifua, na kabla haijafika inatuma mjumbe. Wengine ni kwikwi, wengine chafya, wengine wanashusha pumzi ndefu bila kujua. Kwangu ni pua. Inaanza kuvuja, tundu la kushoto, na nikiendelea kula baada ya hapo nitajuta. Kwa muda wa wiki moja kula bila simu wala televisheni, ujiangalie tu, utamjua mjumbe wako. Kijiko kinachoumiza siku zote ni kile kinachofuata baada yake, kile cha "nisiache, kimebaki kidogo tu".

Nilinunua sahani na kijiko cha mtoto. Mume wangu alipoviona kabatini aliniangalia kwa wasiwasi, akadhani tunaanza kulea upya. Lakini vilisaidia, maana macho nayo yana njaa yao: vijiko vinne kwenye sahani kubwa vinaonekana kama adhabu.

Hapo kuna jambo jingine. Homoni inayoitwa ghrelini, inayoleta njaa, kwa kiasi kikubwa hutengenezwa kwenye ile sehemu ya juu ya tumbo uliyoondolewa, ndiyo maana sasa hivi pengine husikii njaa kabisa na unakula kwa saa. Kwa wengi njaa inarudi taratibu, yangu ilirudi karibu na mwaka. Ikirudi usidhani upasuaji umeshindwa. Lakini njaa ya kichwa haikuondoka hata siku moja. Saa nne usiku nilikuwa najikuta nimesimama mbele ya friji, mlango wazi, baridi inanipiga miguuni, na tumbo halitaki kitu. Nilikuwa nimezoea kumaliza siku kwa kula, sasa siku haiishi. Nililia kwa ajili ya hilo, na sioni haya kulisema. Baadaye nikawa naoga wakati huo, au natoka nje. Wakati mwingine nilikuwa nasimama tu pale mpaka friji ianze kupiga kelele.

Mama yangu ndiye aliyeumia zaidi. Alipika, nikala robo ya kikombe, akanyamaza, halafu akaniuliza, "Kwani chakula changu kina nini?" Nikamwambia, "Mama, kitamu, nafasi ndiyo hakuna." Hakuniamini mpaka alipoona nimefungasha kilichobaki na kesho yake nimekimaliza.

Sukari uiangalie. Kwenye sherehe moja nilikula kipande cha keki, si kikubwa. Dakika 15 baadaye moyo ulikuwa unakimbia, jasho linatiririka, tumbo linasokota, ikabidi nilazwe kwenye kochi la mwenye nyumba. Ni chakula cha sukari kukimbilia utumbo kwa kasi kabla ya wakati. Kuna na hali ile inayokuja baadaye, saa moja hadi tatu baada ya kula, sukari ya damu inashuka na mikono inatetemeka. Kwenye baipasi ni ya kawaida zaidi, ila nanyi wa slivu hamjasalimika moja kwa moja.

Mengine kwa haraka. Vitamini ni za maisha, hata siku unajisikia mzima: B12, madini chuma, kalsiamu na vitamini D, na vipimo vya damu kila daktari anapokuita. Chuma na kalsiamu vipishane angalau saa mbili, vikiingia pamoja vinazuiana. Dawa za maumivu jamii ya ibuprofeni usizimeze kabla ya kumuuliza daktari wako. Sisi wa baipasi tunakatazwa kabisa kwa sababu ya vidonda. Pombe inapanda kichwani haraka kuliko ulivyozoea. Na nywele zikianza kukatika mwezi wa tatu au wa nne, zitarudi, ila usilegeze protini.

Je, utakula hivi maisha yote? Vijiko vinne, hapana. Miezi sita nilikuwa nafika nusu kikombe, mwaka robo tatu, na leo kikombe kimoja cha chakula kinanitosha, siku nyingine kinanishinda. Napika samaki, nakaa mezani na watu, naongea, nainuka pamoja nao. Tofauti ni kwamba wao wamekula sahani mbili na mimi kijiko kililala chini muda mrefu.

Ukishaonana na daktari, rudi utuambie amesema nini kuhusu huko kutapika. Na uandike hapa ulikuwa unakula nini mara tatu za mwisho ulipotapika, na kama ulikuwa umeshika simu.