Watchmen sehemu ya 6: kwa nini nyeusi na nyeupe?

Umeuliza kama sehemu ya 6 ya Watchmen, tamthilia ya runinga ya HBO, ilipigwa nyeusi na nyeupe ili kubana bajeti. Wala, ndugu yangu. Angela, mhusika mkuu anayeigizwa na Regina King, amemeza vidonge vyenye kumbukumbu za babu yake Will Reeves, kwa hiyo unachoona ni New York ya zamani kwa macho ya mzee. Na rangi haijatoweka yote: chungulia nyuma, mama yake Will anapiga piano akiwa na rangi zake kamili. Mauaji ya Tulsa ya 1921 hayo, Wazungu walipowaua Weusi wa mji huo wa Marekani, na Will aliyaona akiwa mtoto; yanamfuata hadi ukubwani.

Kilichonimaliza mimi ni kamera. Inazunguka, Jovan Adepo, yaani Will kijana akiwa polisi, anapita, ikirudi unamkuta Regina King palepale ndani ya sare ileile. Nilirudisha nyuma mara tatu. Halafu polisi wenzake Wazungu wanamfunika Will kichwa na kumtundika mtini, wanamshusha kabla hajakata roho. Kamba na kifuniko kile kile ndivyo anavyovigeuza vazi la shujaa aitwaye Hooded Justice. Mkewe anampaka rangi nyeupe machoni ili adhaniwe Mzungu.

Mapokezi? Ilitoka Novemba 2019, na 2020 Damon Lindelof na Cord Jefferson wakabeba Emmy, tuzo ya runinga ya Marekani, kwa uandishi wa sehemu hii. Wapo walionuna eti Hooded Justice amefanywa Mweusi. Wakasome tena, komiki ya Watchmen, iliyozaa tamthilia hii, haikuwahi kuthibitisha ni nani chini ya kile kitambaa.